Uliza Tukujibu: Yule askari wa pale Posta ni nani, na mbona hana jina?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mkazi wa Mbagala ila kibarua changu kipo mjini kwahiyo kila siku napita pale kwenye sanamu ya askari, Samora inapokutana na Azikiwe. Juzi tumebishana ofisini mpaka chai imepoa, mmoja anasema yule ni askari wa Mjerumani, mwingine anasema ni shujaa wa Maji Maji, na dereva wetu ambae ni mtu mzima kabisa anamwita Bismini na hataki kusikia jina lingine. Hilo mtusaidie, lakini mi ninachotaka hasa ni kingine. Baba yake babu yangu mzaa mama alichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita vya kwanza huko kwetu Ulanga, hakurudi, na nyumbani hakuna kaburi. Je pale chini ya sanamu wameandika majina? Nimeona kuna maandishi lakini mengine ni herufi za Kiarabu sijui kuzisoma.
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo zito. Majina hayapo, hata moja. Hayo maandishi uliyoyaona ni ujumbe mmoja tu umewekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa herufi hizi tunazotumia sasa na kwa herufi za Kiarabu, sababu miaka ile watu wengi wa pwani waliojua kusoma walisoma kwa hizo. Ujumbe wenyewe kwa ufupi unasema hii ni kumbukumbu ya askari wa Kiafrika waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliotumika wakafa kwa ajili ya mfalme na nchi yao hapa Afrika Mashariki kwenye Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Halafu unamalizia kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Yaani jiwe linaahidi jina litakumbukwa, na jiwe lenyewe halina jina la mtu yeyote.

Tumalize ubishi wa ofisini kwanza. Sio wa Maji Maji, vile vita vilikuwa 1905 mpaka 1907 na hakuna mkoloni angewajengea wapiganaji wake sanamu katikati ya mji. Na sio wa Mjerumani. Ni askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza la King's African Rifles. Aliyemfinyanga ni James Alexander Stevenson, akasubiwa kwa shaba hukohuko London kwenye kampuni ya Morris Bronze Founders, tena kabla hajapakiwa melini alionyeshwa kwanza kwenye jumba la sanaa la Royal Academy watu wakamsifia weee, ndo akaja kusimikwa Dar mwaka 1927. Kwahiyo 2027 anatimiza miaka 100 pale pale. Dereva wenu nae mwacheni na Bismini yake, wazee wengi wa Dar wanaiita hivyo hivyo na sioni kosa lao.

Siku ukiwa na dakika tano usiishie kupiga selfi. Juu anaonekana askari anasonga mbele, bunduki ameikamata kwa mikono miwili, singe mbele, na ile singe inaelekea bandarini. Sasa shusha macho kwenye ile nguzo ya mraba aliyosimama juu yake, pembeni kuna picha za shaba zilizochomoza, upande mmoja askari wapo vitani, upande mwingine wapagazi na mizigo yao. Mzee wenu kama yupo popote kwenye sanamu ile, basi yupo hapo chini ubavuni, sio juu.

Na hao wa chini ndo waliokufa wengi. Vita vya huku havikuwa vya mahandaki kama Ulaya, vilikuwa vya kutembea, maelfu ya kilomita, kutoka Taveta na Kilimanjaro kushuka mpaka Rufiji, Lindi, kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji na kurudi. Reli zilikuwa mbili tu za maana, ya Tanga kwenda Moshi na ya Kati kwenda Kigoma ambayo ilikamilika mwaka huohuo wa 1914. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, magari yalizama kwenye matope. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mtu anatwishwa mzigo wa kilo kama 25, mvua inanyesha, chakula ni unga usioiva vizuri, analala chini, kesho tena. Kwahiyo walioua wapagazi sio risasi, ni kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Upande wa Mwingereza peke yake wanahistoria wanakadiria waliokufa hawapungui 95,000, na ukijumlisha pande zote waliochukuliwa kubeba walizidi milioni. Kariakoo yetu unajua imetoka wapi, ni Carrier Corps hiyohiyo, kambi ya wapagazi, na Nairobi wana Kariokor yao. Ila watu wananunua vitenge pale na kushusha viazi bila hata kuwaza, mimi pia ndo mmoja wao.

Sasa kwanini hawakuandikwa. Hapa ndo inauma. Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita mwaka 1917, ile ambayo leo inaitwa Commonwealth War Graves Commission, na kanuni yao kubwa ilikuwa usawa, kwamba kila aliyekufa, awe jenerali awe kuruta, tajiri au maskini, anapata jiwe lake lenye jina, na kama mwili haujapatikana basi jina linachongwa kwenye mnara. Kanuni nzuri kweli. Ilipofika kwa Mwafrika ikaishia njiani. Wakubwa wa wakati ule waliona mwenyeji hana haja ya jiwe wala jina, makaburi mengi ya askari na wapagazi yakaachwa yaote majani yapotee, na badala yake zikajengwa sanamu za jumla kwenye miji mikubwa. Kwahiyo ile sanamu unayoiona pale ndiyo iliyokuja mahali pa majina. Watu wengi wanaiangalia kama heshima, na heshima ipo sikatai, lakini ilikuwa pia njia ya kufunga hesabu kwa mkupuo.

Usinielewe vibaya, sio kwamba walishindwa kuandika. Nenda kwenye makaburi ya vita ya Dar, barabara ya Bagamoyo kama kilomita 5 kutoka mjini, yale yaliyohamishwa 1968 kutoka Ocean Road ili kupisha barabara. Pale kuna mnara wa Waingereza na Wahindi wasio na makaburi, wamechongwa kwa majina zaidi ya 1,500, mmoja mmoja, cheo na kikosi. Vita hivyohivyo, jiji hilihili. Mhindi na Mwingereza jina, Mwafrika sanamu.

Na kuna kitu kingine kuhusu yale maneno ya kwenye jiwe. Aliyeyaandika kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Kiingereza, ndo alikuwa mshauri wa maneno wa ile tume. Mtoto wake wa kiume John aliuawa Ufaransa kwenye vita vya Loos mwaka 1915, ana miaka 18, na Kipling mpaka anakufa hakuonyeshwa kaburi la mwanae. Yaani huyu ni mzazi aliyejua kabisa kukosa kaburi kunafananaje. Lakini jina la John lilichongwa ukutani kule Loos. Wa kwenu halikuchongwa popote.

Tume yenyewe ilikuja kukubali. Aprili 2021 walitoa ripoti yao wenyewe, wakasema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza nae akaomba radhi bungeni. Tangu hapo wanatafuta majina kwenye nyaraka za zamani.

Sasa kwa upande wako kuna swali inabidi uwaulize wazee nyumbani kabla ya yote: alichukuliwa na nani? Ulanga ilikuwa chini ya Mjerumani mpaka Oktoba 1917 ambapo Mahenge ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Kama alichukuliwa kabla ya hapo basi karibu na hakika alibebea Wajerumani, na hapo, nisikufiche, hata ile sanamu haimhusu, sababu imeandikwa kwa waliomtumikia mfalme, na mfalme anayesemwa ni George wa Tano. Waliobebea Mjerumani ndo wamepotea kabisa kwenye hesabu. Kama ni baada ya hapo au alikuwa amehamia sehemu nyingine, jaribu haya: ingia kwenye tovuti ya hiyo tume utafute jina, ni bure, na jaribu tahajia tofauti tofauti maana karani wa Kizungu aliandika alivyosikia, Mwinyimkuu anaweza kuwa amekatwa vipande vitatu. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga uulizie mafaili ya wilaya yenu. Na muulize bibi kama kuna nishani yoyote imefungwa kwenye kitambaa mahali, nishani za Mwingereza za vita vile ukiangalia kwenye ukingo wake utaona zimegongwa namba na jina. Andika pia wanachokumbuka wazee, jina la ukoo, kijiji, aliondoka na nani. Ukipata chochote tuandikie.

SWALI: Mhariri, niko Likoni Mombasa. Na sisi tunao hao askari wa shaba kule barabara ya Jomo Kenyatta, na Nairobi pia wapo. Ni sanamu moja imerudufiwa ama?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, ni ndugu wa tumbo moja ila sio mapacha. Mfinyanzi ni huyohuyo Stevenson na ujumbe ni ule ule, lakini Dar yupo mmoja peke yake, Nairobi wapo watatu pale Kenyatta Avenue, walizinduliwa 1928, na nyie Mombasa mnao wanne. Kwa maoni yangu kule kwenu na Nairobi wamefanya haki zaidi, kwasababu mpagazi amesimama juu pamoja na wenye bunduki, hajawekwa ubavuni mwa nguzo kama huku kwetu. Mzigo wake na bunduki ya mwenzake vipo usawa mmoja. Majina lakini hata kwenu hamna.

SWALI: Habari za kazi. Nasoma hapa Hamburg Ujerumani, kuna Mjerumani mmoja ameniambia kwamba kabla ya yule askari wa Dar palikuwa na sanamu nyingine na kwamba ipo hapa hapa Hamburg. Kweli au ananizingua?
Mwanafunzi, Hamburg

JIBU: Hakuzingui, ni kweli tupu. Pale pale kwenye ile raundi abauti Wajerumani walimsimika Hermann von Wissmann mwaka 1909, kazi ya mchongaji Adolf Kürle. Wissmann ndo yule aliyeletwa 1889 kuzima vita vya Abushiri pwani, Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba mwaka huo, baadae Wissmann akawa gavana. Sanamu yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Yeye juu amejishika kibosi, na chini yake askari wa Kiafrika anamtazama juu huku anamfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Kila ukiielezea unashindwa uanze kukasirikia wapi.

Waingereza walipoingia Dar Septemba 1916 wakaing'oa, wakaipeleka London kama nyara, baadae wakawarudishia Wajerumani, ikasimikwa mbele ya chuo kikuu cha hapo Hamburg mwaka 1922. Ikakaa mpaka wanafunzi wenzio wa miaka ya sitini walipoichoka, 1967 wakaifunga kamba wakaivuta ikaanguka, ikarudishwa, 1968 wakaiangusha tena na safari hii haikurudi. Imewekwa stoo. Miaka ya 2004 na 2005 msanii mmoja aliisimamisha kwa muda bandarini hapo Hamburg, watu wakawa wanapiga kura kwenye intaneti wasema ifanywe nini, mjadala ulikuwa mkali.

Na ukiwa na muda, hapo hapo Hamburg upande wa Jenfeld kuna sehemu wameiita Tanzania-Park, zipo picha za askari zilizotengenezwa enzi za Hitler kwa ajili ya kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa jeshi la Mjerumani huku kwetu vita vya kwanza. Ndo kumbukumbu ya askari wa Mjerumani, ipo kwao.

SWALI: Kwani hao askari waliopigania Mjerumani baada ya vita walilipwa au ndo waliachwa hivyohivyo?
Msomaji, Tabora

JIBU: Waliachwa muda mrefu. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, hana hela, akawapa askari wake vipande vya karatasi kwamba wanadai. Malipo ya maana yalikuja 1964, Lettow-Vorbeck mwenyewe ameshakufa mwaka huohuo, bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba walikuja wazee kama 350 Mwanza kwenye malipo, wachache wana zile karatasi, wengine wameleta kipande cha sare, wengi hawana chochote. Yule mtu wa benki kutoka Ujerumani akapata akili, kila mzee anapewa ufagio badala ya bunduki, anaamrishwa kwa Kijerumani, bega bunduki, shusha. Hakuna aliyekosea. Miaka karibu hamsini na mwili bado unakumbuka amri. Mi kila nikifikiria hicho kisa nashindwa kuamua kama kinachekesha au vipi.

SWALI: Mi naona mngeandika wazi tu kwamba hiyo sanamu ing'olewe. Tumepata uhuru 1961, ya nini kuweka katikati ya jiji askari wa mfalme wa Uingereza? Wenzetu duniani wanang'oa.
Msomaji, Ubungo

JIBU: Nakuelewa kaka, na ni swali halali, ila mi siko upande huo. Wissmann kung'olewa sawa, yule alikuwa mnyongaji amewekewa sanamu na wanyongaji wenzake. Huyu wa sasa ni Mwafrika, na wengi wa aliowawakilisha hawakuuliza vita, walikuja kuchukuliwa, wengine kwa kamba. Ukimng'oa hapo unamaliza kazi iliyoanzwa na wale waliokataa kuwaandika majina. Na ukweli ni kwamba serikali ya uhuru ilibadilisha jina la barabara lakini askari ikamwacha. Ile barabara imekuwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, ikawa Samora, yeye kasimama tu.

Ninachotaka mimi ni kiongezwe kitu. Hiyo 2027 inakuja, jiji lingeweka ubao tu pale kwenye kibustani, Kiswahili safi, unaeleza wapagazi ni nani, walitoka wapi, walikufaje, na majina yale ambayo tume inayapata yaanze kuwekwa hata kama ni mia. Inawezekana, Cape Town wamefanya. Januari 2025 wamefungua mnara ndani ya bustani ya Company's Garden, pale katikati ya mji, wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa kwenye kampeni za Afrika vita vya kwanza na hawakuwahi kuwa na kaburi linalojulikana. Wameweka miti, nguzo nguzo za mbao, kila mtu na nguzo yake na jina lake, zaidi ya 1,700. Watu wanapita katikati yake wakienda kazini. Sio gharama ya kutisha kwa jiji kama Dar, linalojenga mataa ya rangi kila krismasi.

SWALI: Samahani, la mwisho dogo. Rais anapoweka mkuki na ngao siku ya Mashujaa, ni pale kwenye askari? Watoto wameniuliza nikababaika.
Mama wa watoto watatu, Temeke

JIBU: Hapana mama, usibabaike. Siku ya Mashujaa ni tarehe 25 Julai na kwa Dar ilikuwa inafanyika kwenye Mnara wa Mashujaa, viwanja vya Mnazi Mmoja, miaka ya karibuni sherehe imekuwa ikifanyika Dodoma. Rais anaweka mkuki na ngao, mkuu wa majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu wa Tanzania Legion anaweka shoka. Mwaka 2014 ilifanyika Kaboya mkoani Kagera, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu wa vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Iddi Amin. Pale kila kaburi lina jina.